Tovuti inafunguka, wakala wa AI haioni: utatuzi wa matatizo ya majina ya vikoa

Mzee mmoja mwenye malori pale Malaba alinijia simu ikiwa mkononi, skrini inawaka, hata salamu hakuimaliza. Mteja wake wa Mombasa alikuwa amemwagiza wakala wa AI amtafutie msafirishaji wa kontena 2 hadi Juba. Wakala akaleta jina la kampuni ya mzee, akataja njia ya Elegu, akataja aina ya malori, yote sawasawa. Chini yake akaweka namba ya simu.

"Fundi," mzee akaniambia, "jina ni langu, malori ni yangu. Hii namba si yangu."

Nitairudia namba hiyo mwishoni, maana ilitoka mahali ambapo wengi hawaangalii. Kwanza tupite kwenye matatizo mengine ninayoletewa kila wiki na wenye maduka ya vipuri, nyumba za wageni, shule na vyama vya wakulima. Nimeyapanga kwa dalili, kama watu wanavyozieleza wenyewe. Chini ya kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, kisha nashuka hadi ile ya nadra.

Wakala ninayemsema hapa si yule wa kibanda cha mobile money wala wa forodha. Ni programu ya akili mnemba ambayo mtu huituma imtafutie kitu, ilinganishe bei, iweke nafasi ya chumba, na siku hizi hata ilipe. Na jina la kikoa, ambalo wengi tunaliita domeini, ni ile anwani yako: jinalako.co.ug au jinalako.com.

Matatizo mengi ni ya zamani. Kilichobadilika ni anayekumbana nayo. Mtu akikuta ukurasa haufunguki, atakupigia simu, au atajaribu tena jioni. Wakala hapigi hodi mara ya pili. Anahamia kwa jina linalofuata, na wewe hutajua kwamba kulikuwa na mteja mlangoni.

## Kabla hujagusa chochote

Fungua tovuti yako kwa simu ukitumia bando, si Wi-Fi ya ofisini. Kisha mwombe mtu mwenye laini ya kampuni nyingine afanye vivyo hivyo. Ikifunguka kwake na kwako ikakataa, huenda tovuti ni nzima na hitilafu iko njiani. Piga picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa, maneno yake yote. "Haifunguki" haimsaidii fundi. "Seva haikupatikana" na "muunganisho si salama" ni magonjwa 2 tofauti, na dawa zake hazifanani.

Halafu nakili rekodi zako zote za DNS kabla ya kubadilisha hata moja. DNS ni daftari la intaneti: unaliuliza jina, linakujibu namba ya seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti. Paul Mockapetris alilibuni mwaka 1983, na mpaka leo kila wakala wa AI analitegemea kama simu yako inavyolitegemea. Picha ya skrini ya ukurasa wa rekodi inatosha, mradi kila herufi isomeke. Nimeona biashara ikikosa barua pepe siku nyingi kwa sababu hakuna aliyekumbuka rekodi ya zamani ilikuwa imeandikwaje.

Badilisha kitu kimoja, subiri, pima. Kila rekodi ina muda wa kukaa kwenye kumbukumbu za seva za njiani, ulioandikwa kwa sekunde kwenye sehemu ya TTL: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Ukirekebisha leo rekodi iliyokuwa na 86400, wapo watakaoendelea kuona makosa ya jana hadi kesho. Hilo si kosa jipya. Usianze kubadilisha tena.

## Dalili: tovuti haifunguki kwa mtu yeyote

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni ada haijalipwa na muda wa jina umekwisha. Kwa majina ya .ug angalia kwenye whois.co.ug, kwa .com na ndugu zake tumia lookup.icann.org. Tafuta tarehe ya mwisho na neno la hali lililoandikwa hapo. Kwa .com, jina lililokwisha muda linaweza kukaa hadi siku 45 huku msajili, yaani kampuni iliyokuuzia jina, akiwa bado na nafasi ya kukuhuishia. Likifutwa, linaingia kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambapo utaona neno redemptionPeriod na ada itapanda sana. Baada ya hapo ni siku 5 za pendingDelete, na siku hizo hakuna anayeweza kulirudisha. Linasubiri kuachwa sokoni. Usiitegemee siku 45 kwa ukamilifu wake, kwa sababu msajili anaruhusiwa kulifuta mapema. Majina ya .ug yana kanuni zake, kwa hiyo usiyahesabie ratiba hii: mpigie msajili wako siku hiyo hiyo.

Mara nyingi mwenye jina huapa kwamba hakupata onyo lolote, na anasema kweli. Barua za kukumbusha malipo zilitumwa kwenye anwani iliyo ndani ya kikoa hicho hicho, info@ na jina lake, na jina lilipokufa barua pepe ilikufa nalo. Weka anwani ya mawasiliano iliyo nje ya kikoa chako, na namba ya simu unayoishika wewe. Pia usingoje wiki ya mwisho kulipa. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini Uganda siku kama 5 wakati wa uchaguzi, na ambaye jina lake lilikwisha muda katikati ya siku zile hakuwa na njia ya kulipa.

Sababu ya pili: hukuthibitisha anwani ya barua pepe. Ukisajili .com, au ukibadilisha jina la mmiliki, msajili hukutumia kiungo cha kuthibitisha. Zikipita siku 15 bila kukibonyeza, anaweza kulisimamisha jina lako hata kama umelipa miaka 5. Hali utakayoiona ni clientHold. Tafuta barua ile, hata kwenye taka, au ingia kwenye akaunti uombe itumwe upya. Ni tatizo dogo linalotisha sana.

Sababu ya tatu ni seva za majina, zile zinazotunza rekodi za DNS za jina lako. Umehama kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine, lakini jina bado linaelekeza kwa ile ya zamani. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika nslookup -type=ns jinalako.co.ug 8.8.8.8 (hiyo 8.8.8.8 ni seva ya DNS ya Google), ulinganishe majibu na yale uliyopewa na kampuni mpya. Herufi moja ikikosekana, hakuna kitakachofunguka.

Sababu ya nadra, na ndiyo inayochanganya watu, ni sahihi za DNSSEC, mihuri inayothibitisha kwamba majibu ya DNS hayajachezewa. Jina lilitiwa sahihi kwenye kampuni ya zamani, ukahama, na rekodi ya DS ikabaki kwenye rejista ikishuhudia ufunguo ambao haupo tena. Dalili yake: kwenye mitandao fulani tovuti inafunguka, kwenye mingine haifunguki, na ukiuliza 8.8.8.8 unapata SERVFAIL badala ya jibu. Simama hapa kama hujawahi kushughulika na DS. Ukikosea unaweza kulirefusha tatizo. Mwite msajili, mwambie neno hilo tu, DS, atakuelewa.

## Dalili: kwangu inafunguka, lakini wakala anasema hawezi kuusoma ukurasa

Hili ndilo limekuja na zama hizi, na linahitaji subira, kwa sababu kwa macho yako kila kitu kiko sawa.

Anza na mlango wa usalama ulio mbele ya tovuti. Tovuti nyingi hukaa nyuma ya huduma inayochuja roboti. Tangu tarehe 1 Julai 2025, Cloudflare huzuia roboti za AI kwa vikoa vipya vinavyojiunga nayo, isipokuwa mwenye jina aamue vingine. Nia ni nzuri, maana roboti hizo zilikuwa zikibeba kazi za watu bila ruhusa. Lakini mwenye nyumba ya wageni anataka aonekane. Ingia kwenye paneli, tafuta sehemu ya roboti, usome ni nani amezuiwa. Usifungue milango yote kwa hasira. Chagua.

Cha pili ni faili la robots.txt. Fungua jinalako.co.ug/robots.txt kwenye kivinjari. Ukiona "User-agent: *" na chini yake "Disallow: /", umewaambia wote wasiingie, Google akiwemo. Mara nyingi mstari huo uliwekwa tovuti ilipokuwa ikijengwa, kisha ukasahaulika. Utaratibu huu ulianza mwaka 1994 na ukawa kanuni rasmi mwaka 2022, na ni ombi tu, si kufuli: roboti mwenye adabu hutii, asiye na adabu hupita.

Hapa kuna tofauti ambayo watu wengi hawaijui. OpenAI, wenye ChatGPT, wana roboti 3. GPTBot hukusanya maandishi ya kufundishia modeli, yaani ubongo wa AI. OAI-SearchBot hutafuta kwa ajili ya majibu ya utafutaji. ChatGPT-User huja pale mtu anapouliza kitu sasa hivi na wakala akahitaji kufungua ukurasa wako. Anthropic, wenye Claude, nao wana ClaudeBot, Claude-SearchBot na Claude-User kwa mgawanyo kama huo. Ukitaka maandishi yako yasifundishiwe modeli, zuia wa kwanza uwaache wale wengine. Aliyezuia wote 3 amemfungia nje mteja pamoja na mwizi.

Cha tatu, bei zako ziko kwenye picha. Nilifunguliwa tovuti ya nyumba ya wageni karibu na Fort Portal: ukurasa mzima ulikuwa bango moja lililochapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, likapigwa picha na kupandishwa. Vyumba, bei, namba ya simu, mpaka "chai ya asubuhi imo," vyote vilikuwa ndani ya picha. Maandishi halisi kwenye ukurasa yalikuwa maneno 2: "Karibu sana." Wakala anayesoma maandishi aliona karamu isiyo na chakula. Jaribio la dakika moja: fungua ukurasa, jaribu kuichagua namba ya simu kwa kidole uinakili. Isipochagulika, iandike upya kwa herufi. Bei ziandike pamoja na sarafu yake na tarehe uliyozibadilisha mwisho.

Sababu inayofanana na hiyo ni tovuti ambayo yaliyomo hutokea tu baada ya JavaScript, msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, kufanya kazi. Roboti nyingi haziiendeshi JavaScript. Zinachukua ukurasa mtupu na kuondoka. Bonyeza "tazama chanzo cha ukurasa" kwenye kompyuta, utafute namba yako ya simu mle ndani. Isipokuwemo, mwambie aliyejenga tovuti atoe kurasa zilizoandaliwa upande wa seva. Kazi hiyo ni ya mjenzi, usiijaribu mwenyewe.

Kisha cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye anwani. Vivinjari ni vipole: cheti cha kati, kinachokiunganisha chako na mtoaji anayeaminika, kikikosekana, vingi hukitafuta vyenyewe, ukaona kufuli salama na ukalala usingizi. Programu nyingi zinazotumwa na mawakala hazina upole huo. Mnyororo wa vyeti ukikatika, zinakataa kuingia. Kwenye kompyuta andika curl -I https://jinalako.co.ug. Likija kosa la cheti huku kivinjari kikiwa kimya, umeupata ugonjwa. Dawa ni kuweka mnyororo kamili, faili ambalo mara nyingi huitwa fullchain, badala ya cheti peke yake.

Hapo hapo hakikisha cheti kinajihuisha chenyewe. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt huishi siku 90. Watoa vyeti na wenye vivinjari walikubaliana Aprili 2025 kwamba muda wa juu kabisa ushuke hadi siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Anayehuisha kwa mkono akitegemea kalenda ya ukutani atashindwa.

Mwisho kuna mambo madogo: www inafunguka na isiyo na www haifunguki, au rekodi ya AAAA, ile yenye namba ya seva ya aina mpya (IPv6), inaelekeza kwenye seva iliyokwisha kuzimwa. Jaribu anwani zote mbili. AAAA usiyoijua ilikotoka, muulize mwenye seva kabla ya kuifuta.

Watu huniuliza kuhusu llms.txt, faili lililopendekezwa Septemba 2024 liwe muhtasari wa tovuti kwa ajili ya modeli. Halidhuru. Lakini sijawahi kuliona likiponya tovuti ambayo bei zake ziko kwenye picha. Rekebisha ya juu kwanza.

## Dalili: barua pepe zinaishia kwenye taka, au mteja kapokea ankara ambayo hukuituma

Angalia rekodi 3 za kikoa chako: SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako), DKIM (sahihi inayotiwa kwenye kila barua) na DMARC (maagizo ya nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi huo). Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanazidai kwa wanaotuma barua kwa wingi, na hata mtumaji mdogo asiye nazo anatiliwa shaka. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni kuwa na rekodi 2 za SPF, moja ya kampuni ya zamani na moja ya mpya. Zikiwa 2 hakuna inayofanya kazi. Ziunganishe ziwe mstari mmoja. Linalofuata ni SPF iliyorundikwa huduma nyingi hadi inazidi mara 10 za kuuliza DNS, ambazo ndizo kikomo. DMARC ianze na p=none (usizuie kitu) usome ripoti wiki chache, kisha uipandishe hadi quarantine (iende taka), na mwishowe reject (ikataliwe).

Kama ankara ya uongo imeshatumwa kwa jina lako, acha kurekebisha rekodi, shika simu. Wapigie wateja kwa sauti yako, uwatajie akaunti sahihi. Badilisha nywila za barua pepe kutoka kifaa kingine. Ikiwa taarifa za wateja zimeibiwa, Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka utoe taarifa mara moja, na ofisi ya kuiendea ni ile ya Ulinzi wa Data Binafsi. Nenda polisi na nakala za barua zenyewe pamoja na vichwa vyake vyote, si picha za skrini tu.

## Dalili: wakala wangu mwenyewe ameharibu rekodi

Karani wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa, kijana mwenye bidii, alimpa wakala ufunguo wa paneli ya DNS na kumwambia: "Safisha rekodi zisizotumika." Wakala akasafisha. Aliondoa mstari wa TXT (rekodi ya maandishi, ambamo SPF hukaa) alioudhania ni wa zamani, na akaondoa MX zote 2, zile zinazoelekeza barua pepe, kwa sababu tovuti ilikuwa inafunguka bila hizo. Ilikuwa Ijumaa jioni. Jumatatu mnunuzi akauliza kwa WhatsApp kwa nini hawajibu barua za sampuli.

Simlaumu kijana. Aliomba kitu cha busara kwa maneno ambayo mwenzake wa mezani angeyaelewa. Lakini neno "zisizotumika" halimo kwenye DNS. Daftari halionyeshi nani anaisoma rekodi, linaonyesha tu kwamba ipo.

Mambo yakifikia hapo, kwanza mnyang'anye wakala ufunguo. Usimwambie arekebishe, ukimwambia atabuni thamani zinazofanana na za kweli. Rudisha rekodi kutoka kwenye nakala uliyochukua. Huna nakala? Angalia kama paneli ina historia ya mabadiliko. Haina? Ingia kwenye huduma yako ya barua pepe. Thamani za MX, SPF na DKIM zimeandikwa kwenye ukurasa wake wa maandalizi. Baada ya kurudisha, vumilia kidogo. Hata jibu la "haipo" huwekwa kwenye kumbukumbu za njiani, kwa hiyo rekodi uliyoirudisha saa 4 inaweza kuonekana haipo hadi saa 5 au zaidi.

Ili lisijirudie, toa ufunguo wa kikoa kimoja tu, wenye ruhusa ya kusoma. Wakala aandike pendekezo, mtu alisome, mtu abonyeze. Akaunti ya msajili usimpe kabisa. Humo ndimo yalimo mamlaka ya kulihamisha jina, kulifungua kufuli na kutoa msimbo wa uhamisho. Rekodi iliyofutwa inarudishwa. Jina lililohamishiwa kwa mtu mwingine ni safari ya wanasheria.

Neno moja kuhusu wakala aliyetumwa kununua jina. Hupenda kupendekeza .ai kwa sababu linavutia. Hilo ni jina la Anguilla, kisiwa kidogo cha Karibi ambacho mwaka 2023 kilipata takriban dola milioni 32 kutokana nalo. Husajiliwa kwa miaka 2 kwenda mbele, na bei yake ni mara kadhaa ya .com. Muuza vipuri wa Kisekka halihitaji.

## Dalili: wakala anawapeleka wateja wako kwa mtu mwingine

Tumefika kwa mzee wa Malaba.

Ukaguzi wa kwanza ni mwepesi: muulize wakala, "Namba hii umeitoa ukurasa gani? Nipe anwani kamili." Rudia kwa mawakala 2 au 3 wa kampuni tofauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na uandike kila anwani wanayotaja. Wengine watataja ukurasa halisi. Wengine watataja anwani isiyokuwepo, na hilo nalo ni jibu.

Mara nyingi kosa ni letu wenyewe: ukurasa wa Facebook wa miaka 8 iliyopita, tangazo kwenye orodha ya biashara lenye namba uliyokwisha kuitupa, wasifu wa Google ambao hakuna anayekumbuka nywila yake. Wakala anapokuta majibu 3 yanayopingana, huchagua moja. Yasahihishe yote yafanane na yaliyomo kwenye kikoa chako.

Kinachofuata ni kukisia. Modeli zimesoma majina mengi ya .com kuliko ya .co.ug, kwa hiyo wakala asiye na uhakika huweza kumalizia jina lako kwa .com, hata kama .com hiyo ni ya mtu wa Ohio, au haina mwenyewe. Ikiwa haina mwenyewe, inunue leo uielekeze kwenye tovuti yako. Ni gharama ndogo kuliko mteja mmoja aliyepotea. Na usidhani kusajili kampuni pale URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa kampuni Uganda, kumekupa kikoa. Ni rejista 2 zisizojuana.

Halafu kuna kijikoa kilichoachwa wazi. Uliwahi kuwa na booking.jinalako.com kwenye huduma ya kuweka nafasi, ukasitisha malipo, rekodi ya CNAME, inayolielekeza jina moja kwa jina lingine, ikabaki. Kwenye baadhi ya huduma, mtu mwingine anaweza kulichukua lile pengo na kuweka ukurasa wake chini ya jina lako. Wakala ataliamini, maana kikoa ni chako kweli. Pitia rekodi zako za CNAME, ufute zinazoelekeza kwa huduma uliyoiacha. Kazi hii ifanye kwa mkono.

Nadra zaidi, lakini mbaya zaidi, ni maandishi yaliyofichwa. Tovuti imevamiwa, na chini kabisa kumeandikwa kwa herufi nyeupe juu ya weupe: kwa malipo piga namba fulani. Wewe huoni kitu. Wakala anasoma kila kitu. Tafuta kwenye chanzo cha ukurasa kila namba ya simu na kila neno "malipo." Ukikuta mstari ambao hukuuandika, usiufute ukadhani umemaliza. Aliyeuweka bado ana mlango. Nakili ushahidi, mwite mtu wa usalama, tovuti isafishwe kutoka kwenye nakala safi.

Na wapo wanaosajili jina linalofanana na lako kwa herufi ya alfabeti nyingine, a ya Kirusi badala ya a yetu. Ukinakili anwani hiyo kwenye programu ya maandishi mara nyingi hubadilika ikaanza na xn--. Kwa majina ya .com kuna utaratibu wa malalamiko uliopo tangu 1999. Kwa WIPO ada ya shauri la hadi majina 5, mbele ya mwamuzi mmoja, ni dola 1,500. Kabla ya kulipa hizo, keti na wakili.

Kwa mzee haikuwa lolote kati ya hayo. Mawakala 2 walitaja anwani ile ile, ya .com, ambayo mzee mwenyewe aliitazama muda mrefu kabla ya kuikumbuka. Ilikuwa ya kwanza kabisa. Fundi aliyemjengea tovuti miaka ile aliisajili kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe. Fundi akahama kazi, ada ikakoma, mzee akafunguliwa .co.ug na mtu mwingine, na ile .com ikaanguka sokoni. Aliyeiokota aliupandisha tena ukurasa wa zamani neno kwa neno, na picha za malori, akabadilisha namba ya simu peke yake.

Mimi pia ni fundi, na nasema wazi: jina la mteja lisajiliwe kwa jina la mteja. Ingia leo kwenye akaunti ya msajili uone mmiliki ni nani. Ukikuta jina la fundi, liombe kwa heshima wakati bado mnasalimiana. Kwa .com utahitaji kufuli lifunguliwe na upewe msimbo wa uhamisho. Jina lililosajiliwa karibuni husubiri siku 60 kabla ya kuhama. Jina la zamani usiliache life mradi lingali limeandikwa mahali popote. Lihuishe, lielekeze kwenye jipya. Na msimbo wa uhamisho usimpe mtu aliyekupigia simu, hata akijitambulisha kuwa ni msajili.

Jina lile hatukulipata tena kwa wakati. Tuliandika kwenye .co.ug, kwa maandishi na si kwa picha, kwamba .com si ya kampuni tangu mwaka fulani, tukaweka namba sahihi. Tukaziandikia orodha za biashara moja moja ziibadilishe anwani. Tukalipeleka shauri kwa wakili. Baada ya wiki kadhaa mawakala wakaanza kutaja namba ya mzee, si wote, ila wengi.

Anwani ya zamani ilikuwa pia imepakwa rangi kwenye milango ya malori 3, na picha za milango hiyo zimejaa mtandaoni. Malori 2 yameshapakwa upya. La 3 liko njiani kurudi kutoka Juba, na fundi wa rangi amepewa namba yake ya usajili.